Mficha Maradhi: Tasfida, Ukimya na Wajibu wa Kusema Kweli katika Mjadala wa Korona

Utangulizi

Methali isemayo kwamba mficha maradhi kifo humuumbua imezoeleka mno hata maana yake huchukuliwa kuwa bayana. Mtu huugua, akaona haya au akaogopa, akanyamaza. Hatimaye kifo huja na kulitoa hadharani lile alilolificha. Hata hivyo, methali hii imejengwa juu ya sharti moja ambalo aghalabu halitajwi, nalo ni kwamba anayeficha na anayekufa ni mtu mmoja. Anayechagua kunyamaza ndiye anayelipa gharama ya ukimya wake. Je, hukumu ya kimaadili itakuwaje pale ambapo mficha ni mmoja na wanaokufa ni wengine? Swali hili lilikuwa kiini cha mjadala wa umma kuhusu athari za korona kwa afya ya watu wa Afrika Mashariki tangu mwaka 2020, japo mara nyingi lilifunikwa na maswali mengine kuhusu takwimu, barakoa, chanjo na uchumi.

Makala haya yananuia kulichunguza swali hilo kwa mtazamo wa uhakiki wa fasihi. Huenda msomaji akauliza, fasihi ina lipi la kusema kuhusu maradhi ya mapafu? Jibu ni kwamba mjadala wenyewe uliendeshwa kwa zana ambazo mhakiki anazifahamu vyema, yaani tasfida, kejeli, istiari na methali. Daktari anaweza kueleza namna kirusi kinavyoingia mwilini. Si kazi yake kueleza ni kwa nini jamii nzima iliamua kukiita kwa jina jingine. Hoja inayotetewa hapa ni kuwa tasfida huwa halali kimaadili pale tu ambapo msikilizaji anajua kwamba kuna jambo lililositiriwa, na ana uwezo wa kuliuliza akitaka. Sharti hilo likikosekana, tasfida hugeuka kuwa udanganyifu, hata kama nia ya msemaji ilikuwa njema.

Ugonjwa na majina yake

Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura ya afya ya kimataifa tarehe 30 Januari 2020, na tarehe 11 Machi likautaja ugonjwa huo kuwa janga la ulimwengu mzima. Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 13 Machi, nayo Tanzania tarehe 16 Machi. Kiswahili kililazimika kutafuta msamiati kwa haraka, na hakikukwama. Katika Tanzania likapatikana jina UVIKO-19. Neno barakoa, ambalo awali lilitaja kifuniko cha uso cha wanawake, likapewa kazi mpya na kukubalika pande zote mbili za mpaka. Maneno kama karantini yalikuwapo tangu zamani. Mengine kama kitakasa mikono yaliundwa yakaeleweka. Ni muhimu kulitambua jambo hili tangu mwanzo, kwa sababu linaonyesha kwamba ukimya uliofuata haukutokana na uhaba wa maneno.

Nchini Tanzania, takwimu rasmi zilikoma kutolewa mapema mwezi wa Mei 2020 zikiwa zimefikia wagonjwa 509 na vifo 21. Idadi hizo hazikubadilika kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mwezi wa Juni Rais John Magufuli alitangaza kwamba nchi imeepushwa na ugonjwa huo kwa maombi. Baadhi ya vyombo vya habari vilikuwa vimekwisha kuadhibiwa kwa sababu ya habari vilizotoa juu yake. Wimbi jingine lilipozuka mwanzoni mwa mwaka 2021, halikuwa na jina rasmi. Ndipo katika matanga, katika salamu za rambirambi na katika mazungumzo ya mitaani likaenea fungu la maneno 'changamoto ya upumuaji'.

Fungu hili linastahili kutazamwa kwa makini. Neno 'changamoto' lilikuwa limekwisha kupata umaarufu katika lugha ya mikutano na ya maafisa kama mbadala wa neno 'tatizo'. Tatizo humlemea mtu. Changamoto humwalika aishinde. Kwa hiyo, kusema kwamba marehemu alipatwa na changamoto ya upumuaji ni kukiondolea kifo chanzo chake na kukiacha kikining'inia. Hakuna kirusi, hakuna maambukizi, wala hakuna onyo kwa waliokaa karibu na kitanda cha mgonjwa. Kuna pumzi tu iliyokatika.

Mpaka kati ya tasfida na udanganyifu

Itakuwa kosa, hata hivyo, kuihukumu tasfida kwa jumla. Kiswahili kimeipa nafasi ya heshima. Husemwa kwamba mwanamke ni mjamzito, kwamba mtu amekwenda haja, kwamba mzee ametutoka au ameaga dunia. Katika mifano yote hii, msemaji na msikilizaji wanakijua kilichositiriwa. Hakuna aliyewahi kuambiwa kwamba babu ametutoka kisha akauliza amekwenda mji gani. Tasfida ya aina hii ni makubaliano ya watu wawili wanaoheshimiana: wote wanalijua jambo, na wote wanakubaliana kulipitia kando ili wasiumizane zaidi.

Kwa kipimo hiki, 'changamoto ya upumuaji' haikuwa tendo moja la kiusemi, bali matendo mawili yaliyovaa maneno yale yale. Miongoni mwa ndugu waliokuwa wameuguza na kuona kwa macho, ilikuwa tasfida kamili. Zaidi ya hayo, ilikuwa njia ya kulisema jambo ambalo kulitaja wazi kungemletea mtu matatizo; aliyeisikia alielewa, akaketi mbali kidogo. Kwa kundi hili, maneno hayo yaliukaribia ukweli kadiri ilivyowezekana. Lakini kwa mwombolezaji mzee aliyetoka kijijini, aliyekuwa amesikia kwamba ugonjwa umekwisha, maneno yale yale hayakumpa ishara yoyote. Alishika mikono, alikumbatia wafiwa, alilala katika chumba kimoja na wageni kumi. Yeye hakushiriki katika makubaliano yoyote. Hakujua kwamba kuna pazia, na kwa hiyo hakuweza kuomba lifunuliwe.

Hapa ndipo hoja ya makala haya inapojikita. Uadilifu wa kauli ya kusitiri haumo katika maneno yenyewe, bali katika uhusiano wa msemaji na msikilizaji. Mhakiki anayechunguza matini peke yake, pasipo kuuliza nani aliisikia na alikuwa na nini cha kupoteza, hawezi kutofautisha huruma na hadaa.

Hoja ya hofu

Wale waliotetea ukimya hawakukosa hoja, na uhakiki wa haki haupaswi kuzipuuza. Hoja yao kuu ilikuwa kwamba hofu huua kuliko ugonjwa. Mchuuzi wa samaki, fundi wa viatu na mama muuza vitumbua huishi kwa kipato cha siku moja. Kuwafungia ndani ni kuwaua kwa njaa ili wasife kwa homa. Vilevile, wataalamu wenyewe walikuwa wakijifunza wakiwa njiani. Kuhusu barakoa za kitambaa, kwa mfano, Shirika la Afya Duniani lilibadilisha ushauri wake mnamo Juni 2020 na kuanza kuzihimiza serikali ziwashauri watu wazivae mahali penye msongamano. Kama wajuzi hawana hakika, kwa nini umma utiwe kiwewe?

Hoja hii ina asili ya kale. Katika Jamhuri, Plato anaufananisha uongo na dawa: haufai mikononi mwa kila mtu, bali unaweza kutumiwa na watawala kwa manufaa ya mji kama vile daktari anavyotumia dawa. Kinyume chake, Immanuel Kant, katika insha yake ya mwaka 1797, alishikilia kwamba hata nia ya kumwokoa rafiki haihalalishi uongo. Wengi watamwona Kant kuwa mkali kupita kiasi, nao watavutwa na upande wa Plato. Lakini ulinganishi wa Plato, ukichunguzwa vizuri, hauwasaidii watetezi wa ukimya. Daktari wa Plato anaujua ugonjwa anaoutibu. Anaijua dawa, kipimo chake na hatari zake. Mtawala anayesimamisha utoaji wa takwimu na kuvitilia shaka vipimo hajiwekei ukweli kabatini ili autoe wakati ufaao. Anajinyima ukweli huo yeye mwenyewe. Uongo uliokusudiwa kuwa dawa hugeuka kuwa upofu wa wote wawili, tabibu na mgonjwa.

Aidha, kuificha sababu ya hofu si kuiondoa hofu. Mtu anayejua kwamba ugonjwa huenea kwa hewa ya chumba kilichofungwa anaweza kufungua dirisha. Mtu anayeona majirani wakizikwa bila kuambiwa sababu hana dirisha la kufungua. Hubaki na uvumi. Hofu yenye jina humpa mtu jambo la kufanya, ilhali hofu isiyo na jina humwacha akimshuku kila mtu.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, gharama ya ukimya haikugawanywa sawasawa. Mwezi wa Januari 2021 maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini Tanzania waliwatahadharisha waumini kuhusu wimbi jipya. Mapema mwezi wa Machi, Katibu wa Baraza lao alieleza kwamba mapadre zaidi ya 25 na masista 60 walikuwa wamefariki katika muda wa miezi miwili. Hawa ni watu ambao wito wao huwapeleka kando ya vitanda vya wagonjwa na makaburini. Pamoja na wauguzi, walikuwa mstari wa mbele katika kulipia ukimya ambao hawakuuchagua.

Papai na mipaka ya kejeli

Mfano mashuhuri zaidi wa balagha katika mjadala huu ulitokea tarehe 3 Mei 2020, Rais Magufuli aliposimulia jinsi sampuli za papai na mbuzi, miongoni mwa nyingine, zilivyopelekwa maabara kwa siri zikiwa zimepewa majina na umri wa binadamu, na jinsi baadhi zilivyorudi na majibu kwamba zina virusi. Kama kisa, masimulizi hayo yana nguvu zote za ngano. Kuna mwerevu anayejifanya mjinga, kuna mjuzi anayeaibishwa, na kuna kitu cha kawaida cha sokoni kinachouangusha mtambo wa kigeni. Si ajabu kwamba hadhira ilicheka, wala si ajabu kwamba kisa hicho kilivuka mipaka kwa siku chache.

Kejeli ni silaha halali ya fasihi. Kwa karne nyingi imewavua nguo wakubwa waliojivika ujuzi wasiokuwa nao. Lakini kejeli huishia pale inapofichua. Haiwezi kujenga mahali pa kile ilichokibomoa. Iwapo maabara ilikosea, hitimisho la kimantiki lilikuwa kuirekebisha maabara na kupima upya. Kituo cha Umoja wa Afrika cha Kudhibiti Magonjwa kilivitetea vipimo vilivyosambazwa, na mjadala wa kitaalamu ungeweza kuendelea kutoka hapo. Badala yake, papai liligeuka kutoka swali na kuwa jibu. Kicheko kilichukua nafasi ya ushahidi, na baada ya kicheko hakukuwa na idadi nyingine ya kujadiliwa. Inashangaza pia kwamba ukweli wa vipimo ulitafutwa kwa njia ya majina ya uongo. Hadaa ndogo iliyokusudiwa kufichua kosa ikawa mlango wa ukimya mkubwa.

Albert Camus, katika riwaya yake La Peste ya mwaka 1947, ambayo mandhari yake ni mji wa Oran nchini Algeria, aliionyesha hali inayokaribiana na hii. Wakuu wa mji wanasitasita kulitamka neno tauni, wakihofia taharuki. Daktari Rieux hashughulishwi na neno lenyewe, bali na kinachofanywa: jambo lisilovumilika kwake ni kutenda kana kwamba nusu ya mji haimo hatarini. Msimamo huo ni kipimo kizuri cha mjadala wa Afrika Mashariki. Suala halikuwa kama ugonjwa uitwe korona, UVIKO au nimonia kali. Suala lilikuwa kama jina lililochaguliwa lingemfanya mtu ajikinge.

Kenya: idadi bila huruma

Itakuwa rahisi kwa msomaji wa Kenya kuusoma uchambuzi huu kwa kuridhika, akikumbuka kwamba Wizara ya Afya ya nchi yake ilisoma takwimu hadharani siku baada ya siku. Ni kweli kwamba Kenya haikunyamaza. Hata hivyo, kusema kweli si kutoa idadi tu, na namna ukweli unavyosemwa ni sehemu ya maadili yake.

Lugha iliyotawala ilikuwa lugha ya vita. Kulikuwa na adui asiyeonekana, kulikuwa na mstari wa mbele, na waliokaidi masharti walielezwa kama wasaliti. Susan Sontag alikwisha kuonya, katika Illness as Metaphor ya mwaka 1978 na tena katika kitabu chake kuhusu UKIMWI cha mwaka 1989, kwamba istiari za vita juu ya maradhi huishia kumgeukia mgonjwa mwenyewe. Onyo hilo lilithibitika upesi. Tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu, polisi waliwafyatulia gesi ya kutoa machozi na kuwapiga watu waliokuwa wakisubiri feri ya Likoni, Mombasa, ili wafike makwao kabla ya saa moja ya jioni. Siku chache baadaye mtoto mmoja alipigwa risasi na kufa jijini Nairobi wakati polisi wakitekeleza amri hiyo. Mwezi wa Aprili, maziko ya haraka ya usiku huko Siaya yaliwatia watu uchungu kwa jinsi mwili ulivyotupwa kaburini kama kitu cha hatari, si kama marehemu mwenye jamaa. Adui asiyeonekana alikuwa amepata nyuso zinazoonekana.

Kwa hiyo, upande mmoja wa mpaka ulimnyima raia ukweli kwa kumdhania kuwa hawezi kuustahimili, na upande wa pili ulimpa ukweli kwa sauti ya karipio, ukimdhania kuwa hawezi kuutii pasipo rungu. Dhana hizi mbili zinaonekana kupingana, lakini mzizi wake ni mmoja: raia ni mtoto. Hakuna kati ya pande hizo aliyemwendea kama mtu mzima anayeweza kuambiwa jambo zito, akaliuliza, akalipima na kushauriana nalo. Tofauti kubwa ni kwamba raia wa Kenya, kwa kuwa na takwimu mkononi, aliweza angalau kuzihoji na kulalamikia jinsi zilivyotumiwa. Ukweli uliosemwa vibaya unaweza kusahihishwa. Ukimya hauna pa kushikwa.

Somo lililosahauliwa

Kinachosikitisha ni kwamba eneo hili lilikuwa limekwisha kufunzwa. UKIMWI ulipoingia miaka ya 1980, nao ulipewa majina ya pembeni. Katika mkoa wa Kagera ulijulikana kama Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikivushwa kutoka Uganda. Kwingineko ilisemwa kwamba mtu amekanyaga waya, au kwamba ana mdudu. Majina hayo yaliwasitiri wagonjwa dhidi ya aibu, lakini pia yaliwaacha wenzi wao bila onyo. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Bongoley Lutaaya wa Uganda alijitangaza hadharani kuwa anaugua ugonjwa huo, akautumia muda uliobaki wa uhai wake kuwaelimisha vijana hadi alipofariki mwezi wa Desemba mwaka huo. Kenya, ambayo ilimtambua mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1984, iliutangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa mwaka 1999. Miaka 15 ilipita katikati, na tasfida nyingi zilitumika katika miaka hiyo.

Kitendo cha Lutaaya kina uzito wa kimaadili kwa sababu aliifichua siri iliyokuwa yake. Ndivyo ilivyokuwa pia mwanzoni mwa mwaka 2021, chama cha Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, kilipotangaza waziwazi kwamba kiongozi wake ameambukizwa korona. Alifariki tarehe 17 Februari. Katika mazingira ambamo ugonjwa haukuwa na jina, kuutaja kwa jina lake kulikuwa huduma kwa umma. Msiba wake haukuweza kusemwa kuwa wa changamoto tu.

Hitimisho

Rais Magufuli alifariki mwezi wa Machi 2021. Serikali ilieleza kwamba chanzo kilikuwa maradhi ya moyo. Mrithi wake, Samia Suluhu Hassan, aliunda kamati ya wataalamu, na tarehe 28 Julai 2021 akachanjwa mbele ya kamera. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba janga hili, moja kwa moja au kwa kuzielemea huduma za afya, lilihusika na vifo takribani milioni 14.9 duniani katika miaka ya 2020 na 2021, ilhali vilivyoripotiwa kuwa vya korona vilikuwa takribani milioni 5.4. Pengo hilo halikuwa la nchi moja. Mataifa mengi, tajiri na maskini, yalizika watu ambao sababu ya kufa kwao haikuandikwa. Dharura ya kimataifa ilitangazwa kuwa imekoma tarehe 5 Mei 2023, lakini suala la wafu wasiohesabiwa halikukoma nayo.

Ikirejelewa methali iliyotangulia, ni wazi kwamba haiwezi kuhamishwa kutoka kwa mtu binafsi hadi kwa dola bila kubadilika. Mgonjwa anayeficha maradhi yake anatumia haki yake, hata akiitumia vibaya. Mwenye mamlaka anayeficha maradhi ya watu anatumia haki isiyo yake, na kifo hakimuumbui yeye. Huwachukua wengine, nao huzikwa kwa jina la changamoto. Kutokana na hayo, kanuni ya kimaadili inayopendekezwa hapa ni nyepesi kuitamka japo ni ngumu kuitekeleza: anayestahili kuamua kama ukweli usitiriwe ni yule atakayelipia kusitiriwa kwake.

Uhakiki wa fasihi una wajibu katika jambo hili. Wahakiki huwafunza wanafunzi kuitambua tasfida, kuipa jina na kuisifu inapopendeza. Haitoshi. Inafaa mwanafunzi afunzwe pia kuuliza, kila anapokutana na neno la kusitiri, ni nani aliyekuwa upande wa pili wa pazia, na kama aliwahi kuambiwa kwamba pazia lipo.